Bomba Linalovuja Huvuja Pande Mbili

Mwaka huu sikutaka kuandika hadithi ya jini wala insha ya siku ambayo sitaisahau. Nimeamua kuandika juu ya kitu tunachokiona kila siku tukakipita, na usiku tunakisikia tukiwa vitandani: ti! ti! ti! Naam, nazungumzia mfereji unaovuja.

Najua yuko atakayeuliza, "Sasa haya ni makala ya Chama cha Kiswahili ama ni somo la ufundi?" Jibu langu ni fupi. Lugha isiyoweza kueleza jinsi ya kubadilisha washa ya mfereji ni lugha ya kufanyia mtihani tu, na Kiswahili si lugha ya namna hiyo. Mafundi wa mabomba wa nchi hii hufanya kazi yao kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi mwenyewe haya nitakayoyaeleza niliyajua kwa Kiswahili, nikimshikia spana mzee mmoja fundi ambaye huitwa shuleni kila mabomba yanapoleta taabu.

Kuna siku nilimwambia, "Mzee, si hilo tundu ni dogo tu? Maji yenyewe yanatoka kidogo sana." Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Kijana wangu, usiangalie kinachotoka peke yake. Uliza pia kinachoingia." Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na maana yake mtaiona huko mbele. Lakini kwanza tuanze na hicho kinachotoka, maana hata hicho hatujakihesabu vizuri.

HESABU YA TONE MOJA

Tuchukue mfereji mmoja unaodondosha tone moja kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Tone la mfereji, kwa makadirio, ni kama robo ya mililita. Ukizidisha unapata mililita 21,600, yaani lita 21.6. Huo ni mtungi mmoja wa lita 20 unaojaa na kumwagika kila siku ya Mungu, bila mtu kunawa hata uso.

Kwa muhula wa wiki 13, hesabu hiyo inafika karibu lita 2,000. Kwa mwaka mzima (na mkumbuke mfereji hauendi likizo) inafika karibu lita 7,900, ambazo ni mitungi 394. Na huo ni mfereji mmoja tu, bwana. Ile iliyo nyuma ya mabweni, kando ya jikoni na karibu na uwanja wa michezo, wacha kila mtu ajihesabie mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema bandu bandu huisha gogo.

Asiyeniamini na achukue kikombe cha kupimia kutoka maabara, kwa ruhusa ya mwalimu lakini, akiweke chini ya mfereji kwa dakika 10. Akisoma kiasi kilichoingia, azidishe kwa 144. Hapo atapata maji yanayopotea kwa siku moja.

Tusidhani ni ugonjwa wa shule peke yake. Taasisi inayosimamia huduma za maji nchini, WASREB, imeonyesha katika ripoti zake za miaka ya karibuni kwamba katika kila lita 100 zinazotiwa mabombani, zaidi ya lita 40 hazilipiwi. Mengine huibwa, mengine hupitia mita mbovu zisizoyahesabu, na mengine mengi huvuja tu yakaingia ardhini. Kwa hivyo mtu anapopanga foleni na mtungi wake wakati wa kiangazi, maji aliyokuwa apate huenda yanamwagilia majani mahali fulani kando ya barabara.

MAJI HUFIKAJE MFEREJINI?

Ili uelewe mvujo, ni lazima kwanza uelewe safari ya maji. Katika shule nyingi za zamani maji huletwa na bomba kubwa kutoka mjini au hupigwa pampu kutoka kisimani, yakaingia katika tangi lililoinuliwa juu ya nguzo. Tangi haliinuliwi kwa ajili ya urembo. Urefu ule ndio unaoyasukuma maji. Kila mita moja ya urefu huleta msukumo wa karibu kilopaskali 10. Tangi likiwa mita 6 juu ya mfereji, maji yaliyo ndani ya bomba husukuma kwa karibu kilopaskali 60, mchana na usiku. Walimu wa fizikia wataniunga mkono hapo.

Jambo la kuangalia ni kwamba msukumo huu huonekana zaidi usiku. Mchana mifereji mingi imefunguliwa, maji yanakimbia, na nguvu nyingine hupotea njiani yakisuguana na kuta za bomba. Usiku kila kitu kimefungwa, maji yametulia, na nguvu yote inabaki ikitafuta pa kutokea. Ndiyo sababu mfereji uliotulia wakati wa chakula cha mchana huanza kulia saa nane za usiku.

KWA NINI MABOMBA YA ZAMANI HUVUJA?

Majengo ya zamani yana mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki ile ni mlinzi. Katika kemia tunafunzwa kwamba zinki hushika oksijeni upesi kuliko chuma, kwa hivyo kutu inapokuja zinki hujitoa mhanga ikaliwa yenyewe kwanza. Lakini mlinzi naye huchoka. Baada ya miaka mingi zinki huisha, na hapo chuma huanza kuliwa kutoka ndani. Maji ya kwanza asubuhi yakitoka na rangi ya chai, jua kwamba kutu imeshafika.

Mahali panapoanza kuvuja mara nyingi ni kwenye maungio. Sababu yake ni rahisi. Ili bomba liungane na jingine, mwisho wake hukatwa meno kama ya parafujo. Kukata meno huondoa zinki yote mahali pale na kuupunguza unene wa chuma. Basi pale ambapo bomba linahitaji nguvu ndipo lilipo jembamba zaidi.

Mabomba ya plastiki nayo yana adui wake, nalo ni jua. Bomba lililoachwa nje ya ardhi miaka mingi hukauka likawa kama mfupa, likiguswa kidogo linapasuka. Adui wa pili ni sisi wanafunzi. Tunaanika soksi juu ya bomba, tunalikanyaga tukipanda dirishani, na kuna wengine hufunga mfereji kwa nguvu kana kwamba wanapigana mieleka nao. Washa ya mpira iliyo ndani hubanwa ikapasuka, na mfereji uliofungwa kwa hasira ndio wa kwanza kuvuja.

NA HICHO KINACHOINGIA?

Sasa tumefika penyewe. Sisi tumezoea kufikiri kwamba bomba lenye tundu hutoa maji tu. Na ni kweli, maadamu bomba limejaa maji na msukumo uko. Lakini je, maji yakikatwa?

Hebu fikiria siku ya mgao. Maji yamefungwa, bomba linaanza kukauka. Jikoni, ambako ni chini ya mteremko, mpishi anafungua mfereji apate yale ya mwisho. Maji yaliyobaki bombani yanateremka kwake, na nyuma yake yanaacha nafasi tupu, yaani ombwe. Ombwe halikubali kukaa tupu. Linavuta chochote kilicho karibu. Kama bomba lina tundu, na tundu hilo limelala kwenye tope, basi linavuta tope. Kama liko kwenye mtaro wa maji machafu au karibu na shimo la choo lililojaa, hapo nyinyi wenyewe malizieni sentensi.

Kesho yake maji yanarudi. Wanafunzi wanapiga vigelegele, kila mtu anakimbia na kikombe kuyanywa yale ya kwanza. Kumbe yale ya kwanza ndiyo yaliyobeba kila kilichofyonzwa usiku. Kwa njia hiyo homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu vinaweza kuingia katika bweni ambalo maji yake yalitoka safi kabisa kwenye kituo cha kuyasafishia.

Historia ina mfano unaofanana na huu. Mwaka wa 1854, katika mtaa wa Soho jijini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika muda mfupi. Daktari John Snow alifuatilia nyumba za waliokufa akaona wengi walichota maji katika pampu moja ya barabara ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Mwaka uliofuata watu walipochimba waligundua kwamba shimo la maji machafu lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani lilikuwa na kuta mbovu za matofali, na uchafu wake ulikuwa ukipenya kwenda kisimani. Ufa mdogo wa ukuta, na mauti ya mamia. Nchi yetu nayo ilipambana na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka wa 2023. Sisemi mabomba ya shule ndiyo yaliyouleta, la hasha. Nasema ugonjwa ukiwa nje unabisha hodi, si wakati wa kuacha mlango wazi.

Kuna na la tatu. Dimbwi linalobaki chini ya mfereji ni nyumba ya mbu. Yai la mbu linaweza kuwa mbu mzima kwa wiki moja hadi mbili tu. Basi mfereji unaovuja tangu mwanzo wa muhula umeshalea vizazi kadhaa kabla ya mtihani.

JINSI YA KUUTAFUTA MVUJO

Mvujo wa mfereji huonekana kwa macho. Ule wa chini ya ardhi ndio mwizi wa kweli. Hizi hapa ni njia za kumkamata.

Kwanza, tembea shuleni wakati wa kiangazi. Kila mahali nyasi zimekauka. Ukiona mahali pamoja nyasi ni kijani kibichi, na hakuna mtu anayemwagilia, simama hapo.

Pili, angalia kuta. Rangi inayovimba na kubambuka, ukoga wa kijani chini ya dirisha, au chumvi nyeupe kwenye saruji, ni ushahidi kwamba bomba lililo ukutani lina kidonda.

Tatu, tumia mita. Usiku baada ya taa kuzimwa, mifereji yote ikiwa imefungwa na matangi yamejaa, mwombe mwalimu wa zamu msome mita pamoja. Isomeni tena alfajiri kabla mtu hajanawa. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kama usiku ilisoma 4,512 na alfajiri inasoma 4,514, basi lita 2,000 zimepita hapo nyote mkiwa usingizini. Zimekwenda wapi?

Nne, kwa vyoo vya kuvuta maji, kama vile vya zahanati na nyumba za walimu, tia matone machache ya wino katika tangi lake dogo, usivute maji, na ungoje dakika 20. Ukiona rangi imeingia chooni, mpira wa chini haufungi sawasawa.

KUBADILISHA WASHA YA MFEREJI

Kazi hii haizidi nusu saa, na washa yenyewe ni kipande cha mpira cha bei ndogo sana. Unahitaji spana moja ya kurekebishwa, kitambaa kikavu, grisi kidogo na washa mpya ya saizi ile ile.

Anza kwa kufunga valvu inayopeleka maji kwenye mfereji huo. Hili ndilo jambo la kwanza, na wanaolisahau ndio wanaooga na nguo zao. Kisha fungua mfereji wenyewe mpaka maji yaliyobaki yaishe.

Shika mwili wa mfereji kwa mkono mmoja ili usizunguke na kulivunja bomba lililo ukutani. Kwa mkono mwingine tia spana kwenye nati kubwa iliyo chini ya kishikio, uzungushe kinyume cha saa. Ikiwa imekwama usiipige kwa jiwe. Itie mafuta kidogo, ungoje, ujaribu tena. Sehemu yote ya juu itatoka na mti wake.

Mwishoni mwa mti huo utaiona washa. Kwa kawaida ile nzee imeingia ndani kama sahani, au imepasuka. Itoe na utie mpya. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole pole pole ndani ya mfereji, upapase kiti chake, yaani ule ukingo wa shaba ambao washa hukalia. Kama ni laini, vizuri. Kama una mikwaruzo, washa mpya itakatwa tena baada ya siku chache, na hapo muite fundi akisage kiti au abadilishe mfereji mzima. Watu wengi hubadilisha washa mara tatu kwa mwezi wakisema washa za siku hizi ni mbovu, kumbe ubovu uko kwenye kiti.

Paka mti grisi kidogo, rudisha kila kitu, kaza kiasi. Fungua valvu taratibu. Mfereji ukinyamaza, kazi imekwisha.

Kama maji hayatoki mdomoni bali hutokea juu, kandokando ya kishikio, ugonjwa ni mwingine. Hapo washa haina makosa. Funga maji, ilegeze ile nati ndogo ya juu, zungusha uzi mdogo wa katani uliopakwa grisi kwenye mti, kisha ukaze tena. Basi.

MAUNGIO YANAYOTOA MACHOZI

Ungio linalovuja halizibwi kwa kupaka kitu juu. Nimeona maungio yaliyopakwa saruji, gundi, sabuni, na jingine hata chingamu. Maji hucheka tu. Ni lazima ungio lifunguliwe.

Funga maji, fungua ungio, sugua meno kwa brashi ya waya mpaka kutu na katani ya zamani iishe. Halafu uvike meno hayo tepu nyeupe nyembamba ya mafundi. Lielekeze bomba usoni pako ukiyatazama meno, kisha uzungushe tepu kufuata mwendo wa saa, ukiivuta kidogo ili iingie mabondeni. Ukizungusha kinyume, tepu itajikunja unapokaza, na utakuwa umefanya kazi ya bure. Mizunguko sita au saba yatosha kwa bomba dogo. Wazee hutumia katani na dawa ya kupaka badala ya tepu, na kwa mabomba makubwa ya chuma katani bado ina heshima yake.

Unapokaza tumia spana mbili. Moja inashika bomba, nyingine inazungusha ungio. Ukitumia moja tu, nguvu yako itasafiri mpaka kwenye ungio linalofuata na kulilegeza. Umeziba moja, umefungua jingine.

Meno yakiwa yameliwa kabisa, usilazimishe. Bomba hilo limezeeka na linataka kukatwa na kutiwa jipya.

BOMBA LILILOPASUKA

Hapa iko huduma ya kwanza na iko tiba. Huduma ya kwanza ni hii: funga valvu, futa bomba likauke, chukua utepe mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, uvute kwa nguvu na uuzungushe juu ya ufa ukipita pande zote mbili za ufa huo. Funga kwa waya juu yake. Bandeji hiyo itawapa siku chache za kumtafuta fundi. Ni bandeji, si tiba. Shuleni kwetu kuna bandeji ambayo imekaa hadi imeota kuvu, na chini yake bomba linaendelea kuoza.

Tiba ya bomba la plastiki la gundi ni kukata kipande kibovu kwa msumeno wa chuma, kulainisha ncha zilizokatwa, kuzifuta zikauke, kupaka gundi yake kwenye ncha na ndani ya soketi, kisha kusukuma na kuzungusha kidogo. Shikilia kwa nusu dakika hivi. Halafu subiri kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe wa gundi kabla ya kufungulia maji. Haraka haraka haina baraka, na gundi mbichi inaijua methali hiyo kuliko sisi. Mabomba ya kisasa ya plastiki ngumu yanayounganishwa kwa moto yanahitaji mashine yake ya kuyeyushia, kwa hivyo hayo tuwaachie mafundi.

Bomba likishafunguliwa kwa sababu yoyote ile, maji ya kwanza baada ya kulifunga yasinywewe. Fungua mfereji, yatiririke kwenye ndoo mpaka yawe meupe kabisa, na yale ya ndooni yatumieni kuosha sakafu au kumwagilia miti. Fanyeni vivyo hivyo kila maji yanaporudi baada ya mgao. Na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

KINGA

Kuziba ni vizuri, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuzuia ufa usitokee ni bora zaidi. Mapendekezo yangu ni machache, na yote yanaweza kufanyika hapa hapa shuleni.

Mosi, kila bweni lijue valvu yake iko wapi. Bomba likipasuka saa tisa za usiku hakuna wakati wa kumtafuta mwenye kujua. Valvu ipakwe rangi nyekundu, na kila mwezi ifungwe na kufunguliwa mara moja ili isikwame. Valvu iliyokwama ni sawa na kutokuwa na valvu.

Pili, mabomba yaliyo nje yafukiwe futi mbili chini ya ardhi, au yafungwe imara ukutani. Yasipitishwe kwenye mtaro wa maji machafu. Yale yaliyokwisha kupitishwa humo ndiyo ya kuhamishwa kwanza, kabla hata ya yale yanayovuja sana mahali pakavu. Hapa ndipo neno la yule mzee linapokuwa na faida kwa anayepanga kazi. Mvujo wa haraka kuliko yote si ule unaomwaga maji mengi zaidi, ni ule ulio karibu na uchafu.

Tatu, boya la tangi kuu likaguliwe kila mwanzo wa muhula. Boya lililotoboka huzama, na likizama maji hayafungwi tena, yanafurika kwenye bomba la kumwagia usiku kucha bila mtu kuona.

Nne, kila bweni liwe na daftari la mivujo. Anayeona aandike tarehe, mahali, na kama pako karibu na choo au mtaro. Tena tusiishie kuandika. Kiranja apeleke daftari hilo ofisini kila Ijumaa. Washa kumi na tepu mbili zinaweza kukaa katika sanduku moja dogo, na gharama yake ni ndogo kuliko dawa za mgonjwa mmoja wa homa ya matumbo.

Tano, tufunge mfereji kwa vidole viwili. Ukiona unahitaji mkono mzima, mfereji unakuambia kwamba washa imeisha. Usiunyonge, andika kwenye daftari.

Ningependa pia kutoa onyo. Mwanafunzi asiguse mabomba ya maji moto ya jikoni wala pampu ya umeme, hata kama amesoma makala haya mara kumi. Mvuke na umeme havina msamaha. Na hata kwa kubadilisha washa, omba ruhusa kwanza. Nia yangu ni kupunguza kazi ya fundi, wala sitaki mtu aitwe ofisini kwa jina langu.

Walimu wetu, nanyi nawaomba jambo moja. Katika ratiba ya usafi ya Jumamosi kuna kufagia, kupiga deki na kukata nyasi. Iongezwe kazi ya watu wawili wa kukagua mifereji na mabomba, wakiwa na daftari lao. Watu wawili kwa nusu saa tu, kila wiki. Kiangazi kijacho tutajua tulichookoa, na wauguzi wa zahanati pia watajua.

Ndugu wasomaji, kalamu yangu inafika mwisho. Wakati wa kengele ya jioni, kabla ya kwenda masomo ya usiku, pitia mfereji ulio karibu nawe. Kama unadondosha, hesabu matone kwa dakika moja, tazama umelala karibu na nini, kisha nenda ukaandike. Wasalaam.